Pixieset, TinEye na wenzao mbele ya wezi wa picha wa Kisumu

Kama unatafuta programu itakayomzuia mtu kuiba picha yako mtandaoni, okoa pesa zako, maana haipo. Picha ikishaonekana kwenye kioo cha simu, mwenye simu ana vidole viwili vya kupigia skrinishoti, na hakuna kampuni ya Marekani wala ya Ulaya itakayomkata vidole hivyo. Ila kati ya kuzuia kabisa na kuwaachia watu wajichotee pana nafasi kubwa, na hapo ndipo huduma za kukabidhi na kufuatilia picha, kama Pixieset, TinEye na Pixsy, zinapotofautiana. Nimezitumia kwa muda sasa, nyingi kwa bure, na nina maneno ya kusema.

Mimi hupiga picha Kisumu. Harusi ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, mahafali yanafuata, matanga hayakosi, na wiki ikiwa nyepesi naamkia Dunga kupiga ziwa na mashua kabla jua halijawa kali. Kazi hunivusha hadi Siaya, Vihiga na Kakamega. Ukiwahi kusimama Malinya asubuhi ya mapigano ya mafahali, ngoma za isukuti zikilia na wenye fahali wakikimbia mbele yake na matawi, utaelewa kwa nini picha za pale huibwa hata kabla sijafika nyumbani.

Tovuti za kuuza huduma hizi hutuchorea mwizi anayekaa nchi ya mbali, mjanja wa kompyuta, anayefagia picha kwa maelfu. Huyo yupo, simkatai. Lakini wangu mimi nawajua, wengine hata kwa majina. Kuna fundi wa mabango anayeambiwa na mteja “tafuta picha nzuri ya samaki” naye anaitafuta. Kuna hoteli inayochukua picha za harusi iliyofanyika kwenye bustani yake na kuziweka kwenye ukurasa wake kana kwamba iliajiri mpiga picha. Kuna vijana wa kampeni, ambao msimu wa kura ukifika huona kila umati uliopigwa picha ni umati wao. Kuna mpiga picha mwenzangu anayeanza kazi na hana harusi za kuonyesha, basi anaonyesha zangu. Shangazi wa bibi harusi anayeweka picha kwenye status yake simhesabu. Yule ananitafutia kazi. Kila huduma nimeipima kwa hao: itamsumbua nani kati yao, na itamwacha nani apite?

Nianze na Pixieset, kwa sababu ndiyo ninayoifungua kila wiki. Ni huduma kutoka Vancouver, Kanada, ya kumkabidhi mteja picha zake. Unaunda mkusanyiko, unapakia picha, unamtumia mteja kiungo, naye anazitazama kwenye ukurasa safi usio na matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Ngazi ya bure inakupa GB 3. Ukipakia faili asili kutoka kwenye kamera, nafasi hiyo itaisha na harusi moja. Mimi hupakia picha zilizopunguzwa hadi pikseli 2048 (pikseli ni zile nukta zinazounda picha) upande mrefu, kila moja ikiwa karibu MB 1, na hivyo GB 3 hubeba picha kama elfu tatu. Kazi ikishapakuliwa na mteja akathibitisha, mkusanyiko naufuta, naye nilishamwambia mapema.

Ulinzi wake uko wa aina kadhaa. Unaweza kuweka nenosiri kwa mkusanyiko mzima, ili asiye nalo asione kitu. Unaweza kuacha watu watazame lakini kupakua kukataka namba ya siri ya tarakimu nne. Unaweza kuzima kupakua kabisa, au kuruhusu faili ndogo tu, au kuweka tarehe ya ukurasa kujifunga. Jina lako unaweza kulibandika juu ya picha zinazoonekana huku zile asili zikibaki safi.

Kati ya yote hayo, kilichonifaa ni namba ya siri, tena kwa sababu ambayo haimo kwenye matangazo yao. Anayepakua huulizwa baruapepe, na baadaye unaona orodha ya waliopakua nini. Hapo ndipo nilipomgundua mpiga picha mwenzangu. Bibi harusi alikuwa amempa binamu kiungo na namba, binamu akampa rafiki yake, na rafiki alipofika alijiandikisha kwa baruapepe ya biashara yake, jina la studio yake likiwa ndani. Alipakua picha za jioni tu, zile za taa, na zikaonekana kwenye Instagram yake zikiwa na maneno “tunapokea oda za Desemba”. Nilimpigia simu. Alianza kwa kuniita dada, akaendelea kwa kuniita mwalimu wangu, na kabla simu haijakatika zilikuwa zimeondolewa.

Nenosiri nalo ni zuri kwa matanga. Familia iliyofiwa haitaki picha za mwili na za machozi zizunguke, na mara nyingi anayezizungusha ni mtu wa ndani asiye na nia mbaya. Ukurasa wenye nenosiri, unaojifunga baada ya wiki kadhaa, umenipa heshima kwa wazee ambayo hakuna lenzi ingenipa.

Upungufu wake kwa mtu wa huku ni duka lake. Unaweza kuuza picha moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa, lakini malipo yamejengwa kwa watu wa kadi na PayPal, na mteja wangu wa Nyalenda anataka kutuma kwa M-Pesa na kuniambia “angalia simu”. Kwa hiyo duka sijaligusa. Na dhidi ya skrinishoti, Pixieset haina jibu, kama ambavyo wenzake wote hawana. Kuna huduma zinazojisifu kwamba zinazuia kubofya kulia au kubonyeza picha kwa muda mrefu. Hizo zinamchelewesha mtu kwa sekunde mbili.

Linalonileta kwenye kinga ambayo haiuzwi na mtu yeyote, nayo ni udogo wa faili. Hili nataka kulikalia kidogo, kwa sababu wapiga picha wengi huku hupakia Facebook faili kubwa walivyoitoa kwenye kompyuta, halafu wananunua programu za kuilinda.

Picha zangu za Dunga na Malinya ninazoweka hadharani huwa pikseli 1200 upande mrefu, basi. Kwenye simu zinang'aa. Simu nyingi zikishikwa wima hazina hata upana wa kuzidi hapo. Instagram yenyewe huishusha picha hadi upana wa pikseli 1080. Lakini ukiipeleka kuchapa kwa kiwango kizuri cha nukta 300 kwa inchi, pikseli 1200 zinakupa inchi 4, yaani picha ya kushika mkononi. Ile namba ya nukta 72 kwa inchi ambayo watu hupenda kuiandika wakati wa kutoa faili haina kazi yoyote kwenye kioo. Kinachohesabiwa ni pikseli ngapi kwa ngapi.

Nilikuwa kwa fundi mmoja upande wa Kondele, nimepeleka bango langu la maonyesho. Kwenye kompyuta yake alikuwa anapanga bango la mita tatu la kibanda cha samaki, na nyuma ya maneno “ngege fresh, ugali, mboga” palikuwa na mashua yangu. Ile mashua naijua: tanga lake lina kiraka cha gunia la sukari na mvuvi amesimama mguu mmoja juu ya ukingo. Fundi alikuwa anaivuta ienee, na kadiri alivyoivuta ndivyo mvuvi alivyogeuka matofali. Pikseli 1200 kwenye mita tatu ni kila nukta mraba wa milimita mbili na nusu. Uso wa mtu unabaki vigae vinne.

Aliguna, akanigeukia mimi kama mtu wa fani. “Madam, watu wanaleta picha mbovu, halafu bango likitoka vibaya wanasema ni mashine.”

“Hii imetoka wapi?”

“Google.”

Kila picha iliyoibwa Kisumu imetoka Google, kana kwamba Google ana kamera na huamka asubuhi kwenda Dunga. Nilimfungulia ile asili kwenye simu yangu, na za kabla na baada yake, mvuvi akipanda na akishuka. Fundi alicheka mpaka akavua kofia. Alimpigia mwenye kibanda pale pale, tukaelewana shilingi 3,000 kwa faili kubwa na ruhusa ya bango hilo moja, na mpaka leo fundi huyo akiona picha ya ziwa huniuliza kwanza. Nembo wala nenosiri havikuhusika. Picha ilikataa kunenepa.

Siku hizi zipo programu za akili unde zinazokuza picha ndogo, na udogo peke yake hautoshi kama zamani. Kwa mawimbi na mawingu zinafanya kazi nzuri kupita kiasi. Kwa nyuso hubahatisha, zikamtia mvuvi meno yasiyo yake. Kwa hiyo bado nasema pikseli 1200, ila nasema kwa sauti ya chini kidogo.

Sasa alama ya maji, yaani jina lako juu ya picha, ambayo ndiyo mabishano makubwa ya wapiga picha. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba nembo ileile, yenye ukubwa uleule, ikirudiwa kwenye mamia ya picha, kompyuta inaweza kuisoma kwa kuzilinganisha picha hizo, kisha ikaitoa na kuacha kilicho chini yake. Dawa waliyopendekeza ni kuipinda nembo kidogo na kwa namna tofauti kwenye kila picha, ili ikitolewa ibakize makovu. Hiyo ilikuwa ni utafiti. Tangu 2024 kifutio cha Google Photos kimefunguliwa kwa watumiaji wote, hata kwenye simu zisizo za Google, na kijana yeyote anaweza kufuta jina lililokaa peke yake kwenye anga la buluu kwa kulizungushia kidole.

Kwa hiyo mahali unapoliweka ndipo penye kazi. Mimi silipeleki pembeni, kwa sababu fundi hukata kingo. Silipitishi usoni mwa bibi harusi pia. Hataiposti, na nitakuwa nimejinyima tangazo. Nalitafutia mahali penye fujo: maua ya kitenge, mawimbi, nywele za kusuka, majani ya migomba nyuma ya hema. Hapo kifutio huacha doa linaloonekana. Ukubwa nabadilisha, mwelekeo nabadilisha. Lightroom, programu ya kuhariri picha, inaweza kulibandika kwenye picha zote kwa mkupuo, lakini kwa zile ninazojua zitaibwa nalibandika kwa mkono. Ukiniuliza thamani yake, nembo ni kibao cha duka. Inamwambia mtu mwema pa kuuliza. Mtu mbaya hupita chini yake.

Vijana wa kampeni ndio niliowaona wakihangaika nayo. Picha ya umati wa Malinya, wote wameelekeza macho kwa fahali, ilitumika na mgombea mmoja kana kwamba walikuja kumsikiliza yeye. Jina langu lilikuwa limekaa kwenye mashati ya watu. Walijitahidi kulifuta, na waliovaa shati jeupe wakatoka hawana mikono. Watu wa Ikolomani, iliko Malinya, waliutambua uwanja wao, na maoni yaliyofuata yalimuumiza mgombea kuliko barua yoyote ambayo ningeandika.

Kuhusu kuzitafuta picha zilizopotea, ninazo mbili za bure na naona watu huzichanganya. TinEye ni ya Toronto, iko tangu 2008, na inatafuta picha ileile: iliyokatwa, iliyogeuzwa rangi, iliyowekewa maandishi, lakini ileile. Inakuwezesha kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi, jambo linalosaidia mkibishana nani aliitoa kwanza, au kuanzia lililobadilishwa zaidi, au lenye faili kubwa zaidi. Picha unayoipakia kutafutia haihifadhiwi kwenye hazina yao. Tatizo ni kwamba haiingii ndani ya Facebook wala Instagram, na wezi wangu wengi wanaishi humo humo. TinEye inanipatia tovuti: blogu za utalii, mawakala wa safari, kurasa za habari zinazookoteza. Fundi wa bango na saluni ya jirani haitakaa iwaone.

Google Lens ni ya kidole zaidi. Bonyeza picha kwenye simu, inakuletea zilizofanana. Neno ni hilo: zilizofanana. Ukiipa machweo ya Dunga itakuletea machweo ya Mwanza, ya Entebbe, na ya maziwa ya Asia. Ukiipa kitu chenye sura yake, kama ule uso wa fahali mwenye pembe moja iliyovunjika, inapiga shabaha. Kwa hiyo siitumii kwa mandhari. Naitumia kwa nyuso, nguo na vitu vyenye alama. Watu wa Nakuru wanaopiga heroe, sijui nyie mnafanyaje. Heroe wote ni heroe.

Pixsy niipitie haraka. Imekuwepo tangu 2014, inafuatilia picha zako yenyewe na kukutumia taarifa inapoziona. Ngazi ya bure inafuatilia 500. Ukiona mwizi wa kibiashara unaweza kuwakabidhi kesi wakudaie, na wakifanikiwa wanabaki na nusu. Hawachukui kila kesi. Wanaangalia nchi na kama aliyetumia ni biashara. Kwa mpiga picha wa wanyama anayeuza nje, ambaye kazi zake huonekana kwenye tovuti za Ulaya, ningemwambia ajiandikishe leo. Kwa bango la samaki Kondele, hapana. Taarifa zao nyingi kwangu zilikuwa kurasa zinazonakili kurasa nyingine, na ukishazifungua ishirini jioni moja unaanza kuonea huruma muda wako.

Kuna kazi moja ya dakika tano ambayo haigharimu chochote: kamera yenyewe. Kwenye menyu ya Canon na ya Nikon pana sehemu ya kuandika jina la mpiga picha na maelezo ya hakimiliki, na kila picha itatoka nayo ndani ya faili. Google huweza kulionyesha jina hilo kwenye matokeo ya picha, na tangu 2020 picha zenye maelezo ya leseni huweza kupata alama yake maalumu. Ila likipita WhatsApp kama picha ya kawaida linafutwa, na ile HD iliyoletwa 2023 huongeza ubora wa picha, hairudishi jina. Ukitaka libaki, tuma faili kama hati. Magazeti na mashirika ninaowauzia huwatumia hivyo, na wahariri wao wamenitafuta zaidi ya mara moja kwa sababu tu jina lilikuwemo ndani.

Nimefika kwenye karatasi, na hapa nitaomba wapiga picha wa harusi wasiruke. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema mwandishi wa picha ni yule aliyeitunga, si mwenye kamera. Vizuri. Inalinda picha kwa miaka 50. Vizuri zaidi. Lakini kifungu cha 31 kinasema kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake inahesabiwa kuhamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Soma tena. Harusi uliyolipwa kuipiga bila mkataba si yako kisheria, hata ukabandike jina kila kona. Mashua ya Dunga ni yangu kwa sababu hakuna aliyeniagiza. Harusi ni yangu kwa sababu mkataba wangu una mistari hii:

“Hakimiliki ya picha inabaki kwa mpiga picha. Mteja anaruhusiwa kuchapa, kuposti na kugawa kwa familia na marafiki bila kikomo. Biashara yoyote nyingine itazitumia kwa idhini ya mpiga picha na ya mteja, wote wawili.”

Hayo maneno “wote wawili” ndiyo yaliyofanya kazi kwa ile hoteli. Ni hoteli ya kando ya ziwa, siitaji. Waliweka picha sita za harusi, jina langu limekatwa, kuvutia wateja wa bustani. Nilipowaandikia walinijibu kwamba tukio lilifanyika kwao. Bibi harusi alipowaandikia, mambo yalibadilika, kwa sababu yeye ana sheria nyingine: ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Aliwawekea habari hiyo kwenye ujumbe, kwa upole tu, “nawasalimu, naomba msome hii”. Zilishuka kabla ya chakula cha jioni. Sikupata pesa, ila nilipata kujua ni nani wa kumtanguliza.

Usajili wa KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki, ni wa hiari. Haki yako inaanza picha inapopigwa, hata usiposajili. Cheti ni ushahidi, na usajili unafanyika mtandaoni kwa ada. Sioni maana ya kusajili harusi. Nasajili zile chache zenye maisha marefu, za kuuzika mara nyingi: mashua, fahali, soko la Kibuye siku ya Jumapili. Kwa zilizobaki ushahidi wangu ni faili ghafi, zilivyotoka kwenye kamera, na picha za kabla na baada yake. Mwizi anaweza kuwa na picha. Hawezi kuwa na mvuvi akipanda mashua sekunde nne kabla.

Marekebisho ya 2019 yaliongeza kitu kizuri: ilani kwa mtoa huduma ya mtandao kumtaka aondoe kazi iliyoibwa, na sheria inataja saa 48. Inataka maandishi yenye sahihi, na kiapo au tamko kwamba kazi ni yako, likieleza juhudi zozote ulizofanya ili aliyeiweka aiondoe, kwa hiyo usiikimbilie kwa ajili ya saluni. Kwa Facebook na Instagram, fomu yao ya hakimiliki, iliyojengwa juu ya sheria ya Marekani ya 1998, ni ya haraka zaidi. Wanataka kiungo cha picha yako na kiungo cha iliyoibwa. Weka baruapepe ya biashara, si ya nyumbani, kwa sababu jina na anwani yako vinaweza kupewa unayemshtaki. Nimeijaza mara za kutosha kuielewa, na picha huondoka. Malipo hayapo humo; ni kuondoa tu.

Ndiyo maana fomu huwa ya pili. Ya kwanza ni ujumbe wa WhatsApp nilioufanyia kazi mpaka ukapoteza hasira yote, na nauweka hapa, atakayetaka auchukue:

“Habari za leo. Picha ya mashua kwenye bango lenu ni yangu, nimeipiga Dunga na ninayo faili asili. Naona imewapendeza. Mkipenda kuendelea nayo, ada ya matumizi ya mwaka mmoja ni shilingi 3,000 na nitawatumia iliyo kubwa na safi. Msipopenda, naomba iondolewe kufikia Ijumaa.”

Wengi hulipa. Baadhi hukata bei, na mimi hushuka hadi 2,000 lakini si chini ya hapo. Mmoja alinijibu kwamba ameitoa Google; nilimtumia namba yangu ya M-Pesa nikamwambia Google ni mimi.